Vitambaa Vyeupe Jirani na Gereji

Mwanangu wa pili alikuwa mhudumu katika hoteli kubwa, na huko ndiko alikoharibikia. Alijifunza kukunja kitambaa kikafanana na bata. Alipoacha kazi ili afungue mgahawa wake, nilimuuliza atawalisha akina nani.

"Watu wa maana, mama," akanijibu.

Chumba alichokodi kimepakana na gereji upande mmoja, wachomelea vyuma upande wa pili. Mimi sikusoma sana, lakini macho ninayo, na pale sikuona mtu asiye na grisi mikononi. Mwanangu akaweka mlango wa kioo, viti vyenye mito ya rangi ya maziwa, na vitambaa vyeupe mezani vinavyoning'inia hadi chini.

Mpishi ni mkewe. Mkwe wangu yule hana maneno mengi. Kazi yake ni jiko la shule, na shule zilipofungwa kwa likizo alimwambia mumewe mbele yangu, "Zikifunguliwa na hapa hakuna watu, narudi kwenye masufuria yangu. Utapika mwenyewe." Na mwanangu huyo hata maji ya chai huyaunguza.

Basi kila mchana nikawa naenda kukaa pembeni, roho juu. Mafundi walifika hadi mlangoni, wamevutwa na harufu ya mchuzi. Wanatazama ndani, wanatazama viatu vyao, wanageuka. Hao, kwa mama anayeuza chakula chini ya mwavuli, ng'ambo ya barabara.

"Umewaona?" nikamuuliza mwanangu.

"Hao wanachungulia tu, mama. Biashara ni subira."

Subira huvuta heri, sikatai, ila mchuzi hausubiri. Jioni tuliula wenyewe, nami nikawa nanenepa kwa wasiwasi.

Likizo ilipokaribia kwisha, mchana mmoja sikumwona ukumbini. Nikamkuta ng'ambo, chini ya mwavuli, amebanwa kwenye benchi katikati ya mafundi, mikono ya shati ameikunja, anakula kwa raha zake.

"Nafanya utafiti, mama," akasema kabla sijamuuliza.

Fundi wa matairi, wanayemwita Spana, akamtazama kwa huruma. "Bosi, kumbe hata wewe kwako unaogopa kuchafua?"

Benchi zima likacheka. Mwanangu akainamia sahani.

Nilirudi jikoni nikamsimulia mkwe wangu kama nilivyoona, bila chumvi; haikuhitaji. Akafuta mikono kwenye kanga, akaenda kuufungua mlango wa uani ulioelekea gereji. Akaburuta mabenchi yaliyokuwa stoo, akaweka pipa la maji na sabuni ya unga ya kutolea grisi. Kesho yake mchana hapakuwa na pa kukanyaga. Spana alikula amesimama, kisha akarudi na wenzake.

Shule zimefunguliwa, mkwe wangu hajaenda. Yeye ndiye anayeitwa bosi sasa, ingawa mumewe hajasikia, au amesikia akanyamaza. Anayemuuliza mwanangu habari za kelele za uani hujibiwa, "Ni majirani tu." Mwenyewe bado yuko mbele, anapangusa glasi ambazo hazijanywewa.

Jana mkewe alimwita, "Baba watoto, sabuni imekwisha huku."

Akaipeleka mbio. Aliporudi akaufunga vizuri mlango wa nyuma, vumbi lisiingie ukumbini.