Kadi ya Picha Ilikuwa Nzima

Mpaka leo nikiona kifutio cha shule, hasira inanipanda. Tonton wangu, mdogo wa maman, ndicho anachotengenezea kompyuta pale Nyalukemba. Mashine ikigoma, anaifungua, anachomoa memori, anaisugua na kifutio, anairudisha. Isipopona, anafuta kila kitu na kuingiza mfumo upya. Kwa ugonjwa wowote, dawa ni hizo mbili tu.

Yangu ilikuwa na ugonjwa mdogo. Nilisasisha mfumo, asubuhi kioo kikabaki cheusi. Lakini mlio wa kuwaka nilisikia, hata ujumbe uliingia ukalia. Nikamweleza tonton, kwa heshima zote, kwamba programu inayochora madirisha haigusi kadi ya picha yenyewe. Inaomba kwa kerneli, kiini cha mfumo. Kerneli ndiyo inayoshika kadi, inagawa kumbukumbu yake, inaamua picha gani ifike kwenye kioo. Hii mpya haikuitambua kadi yangu, basi. Ya zamani bado imo, tuwashe na hiyo.

"Mutoto," akaniambia, "niko mu hii kazi mbele uzaliwe. Carte ya picha imekufa."

Nikamwachia mashine. Mjinga mimi! Kwetu humbishii mkubwa mbele ya wateja wake. Nilimwomba tu asiguse diski, maana ndani mlikuwa na sauti ya maman, dakika arobaini, akisimulia walivyolima kule kijijini Mudaka, mwezi mmoja kabla hajafa. Jumapili ilikuwa misa yake ya mwaka, na papa, baba yangu, alitaka tuisikie wote nyumbani. Nakala nyingine sikuwa nayo, na hilo najilaumu mwenyewe.

Tonton akacheka, akasema nisiogope, atafuta C tu, sehemu ya diski yenye mfumo, D itabaki. Bukavu yote inaweka vitu vyake kwenye D. Nikamwambia mashine yangu haina C wala D, vyote viko pamoja, anisubiri kwanza. Akaitika ndiyo, ndiyo, jicho liko kwa mteja mwingine. Nikakimbia parokia kuandikisha misa kabla ofisi haijafungwa.

Niliporudi, kioo kiling'aa. Mfumo mpya, na kadi aliyoizika ilikuwa inachora vizuri kabisa. Nikatafuta faili moja moja. Hakuna.

"Unaona?" akasema. "Picha imerudia."

Nilitaka kumrushia mashine ile usoni. Nikasema, "Aksanti, tonton." Siku tatu nilijaribu kuifufua ile sauti, bure, na sikuthubutu kumwambia mtu.

Jumapili, baada ya misa, papa akapanga viti sebuleni. Tonton akachukua cha mbele, amsikie dada yake vizuri.