Kwenda Kitanga Bila Barua ya Mchungaji

Niliondoka Busunzu kwa sababu ya wimbo, na mpaka naandika haya sina hakika kama aliyenituma ni Mungu au ni kichwa changu kigumu. Nyumbani mnanijua: mjane, mwalimu wa kwaya miaka tisa, halafu nikapata mimba, na aliyenipa mimba akaenda Kahama kutafuta kazi, hajarudi mpaka leo. Kanisa likaniweka chini ya nidhamu. Yaani nakaa benchi la nyuma, sishiriki meza ya Bwana, siimbi na kwaya, mpaka nisimame mbele ya watu wote nitubu. Mwaka mzima nimekataa kusimama. Kosa nalijutia, lakini mwanangu Anitha simjutii, na sikujua nitatubuje bila kumkana.

Kwenye benchi hilo ndipo nilipotunga wimbo wenyewe. Unasema: "Bwana, mimi ni chungu kilichopasuka, ukiwa bado unanitaka, nichukue na ufa wangu." Nilikuwa nauimba misibani tu, maana msibani hakuna anayekuuliza habari za nidhamu. Huko ndiko alikonisikia Mwalimu Melkiadi, anayefundisha kwaya Kitanga, upande wa Kasulu. Akaniomba niende nikawafundishe, wauimbe Jumapili ya mavuno.

Ijumaa jioni nilimwendea mchungaji wangu kuomba barua ya utambulisho. Kwetu mshirika akienda kusali kanisa la mbali hubeba barua, asiyekuwa nayo hutazamwa kwa jicho la pembeni. Nilimkuta anapukuchua mahindi.

"Mama Anitha," alisema kwa upole, "nikiandika uongo nitamkosea Mungu. Nikiandika ukweli hawatakupokea. Sasa niandike nini?"

Nikamsaidia kupukuchua kidogo, kisha nikaaga. Njiani nilikuwa najiuliza: hivi Mungu akimwita mtu, husubiri kwanza kamati ya wazee ikae?

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, nilimfunga Anitha mgongoni nikasimama barabarani. Gari la Kasulu lilikuja mapema, nikapata kiti cha dirishani. Tulipofika daraja la Malagarasi nilitaka kushuka nirudi. Nilisema moyoni, wewe mwanamke, unakwenda kuwafundisha watu kujitoa kwa Mungu, na kwenu hata kusimama umeshindwa. Tulipovuka nikasema, basi mbona Mungu aliniachia wimbo? Nilibishana hivyo na nafsi yangu mpaka stendi ya Kasulu, na hakuna aliyeshinda.

Saa saba mchana pikipiki ilinishusha Kitanga. Melkiadi na mkewe, Mama Eliza, ni watoto wa wakimbizi wa Burundi, wao wenyewe ni Watanzania siku nyingi. "Amahoro," Mama Eliza alinisalimia, akampokea mtoto, akaniwekea ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese. Sijamaliza kunawa, akauliza, "Na baba yake hajambo?"

"Hajambo," nikasema. Labda kweli hajambo, ningejuaje?

Alasiri tulifanya mazoezi uani kwao. Jamani, wale watu wanajua kuimba! Ubeti wa pili sauti ya nne ilipoingia, nililia mbele yao bila aibu. Hakuna aliyeuliza barua. Nikaanza kuamini nimeitwa kweli.

Jumapili, saa nne asubuhi, ibada ilifika kipengele cha wageni. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mgeni husimama, hutaja jina na kanisa lake, kisha barua yake husomwa. Tulikuwa wageni watatu. Wenzangu walishatoa zao. Melkiadi aliinama sikioni kwangu, "Dada, sema umeisahau nyumbani. Kwaya inakusubiri."

Ulikuwa uongo mdogo kabisa, na ungenitosha. Nilisimama nikiwa nimeushika ulimini. Anitha akajinyoosha mgongoni, nikahisi kisigino chake ubavuni, nikasikia ninasema, "Sina barua. Niko chini ya nidhamu. Nilizaa nje ya ndoa, na hilo nalijutia mbele za Mungu. Mtoto ndiye huyu, naye simjutii."

Wazee watatu wakasogeleana pale mbele wakaanza kunong'ona, na mnong'ono wao tuliusikia wote. Mmoja alisema, "Mwanamke yuko chini ya nidhamu, sawa. Je, wimbo nao?" Mwingine akasema hilo halimo katika utaratibu. Walishauriana mpaka mtoza sadaka akakaa chini.

Mwisho mmoja wao akatangaza: wimbo uimbwe, mtunzi akae nyuma. Nikaenda nyuma. Benchi la nyuma la Kitanga halina tofauti na la Busunzu, hata msumari unaochoma upo.

Kwaya ikaanza, na Melkiadi kwa woga akawapa ufunguo wa juu mno. Ubeti wa pili wakakwama, sauti zikaisha moja moja. Nikiwa nimeketi nilianza upya, chini kidogo. Wakageuka, wakanifuata. Mzee aliyetangaza alinitazama, hakunikataza, maana hata aliye chini ya nidhamu akiimba na washirika wengine hana kosa. Tulimaliza hivyo, wao mbele, mimi nyuma. Kama ule ulikuwa ushindi au adhabu, sijui.

Jumatatu nilirudi. Mama Eliza alinifungia karanga, hakuuliza tena habari za baba. Nilichojifunza ni kimoja tu: yale maneno niliyoyaogopa mwaka mzima nilikuwa nimeshayasema yote, mbele ya watu nisiowajua, na mtoto alikuwa bado mgongoni. Kuhusu kuitwa, bado nimechanganyikiwa.

Jioni ile ile nilimwendea mchungaji.

"Wamekupokea bila barua?"

"Wamenipokea nimekaa nyuma," nikasema. "Mchungaji, niandike kwenye orodha ya watakaosimama kutubu Jumapili. Ila nitasimama na mwanangu mgongoni."

Alichukua daftari na kalamu. Aliandika jina langu. Kisha akainua macho, akamtazama Anitha mgongoni, akauliza, "Na huyu umemwita nani jina lake kamili?"

Tangu mtoto azaliwe, mchungaji alikuwa hajawahi kuniuliza hilo.