Kengele Haisemi Unapita Wapi

Siku yangu ya kwanza kazini Lodwar, nilikabidhiwa baiskeli kabla ya kuonyeshwa choo. Kazi ilikuwa kupeleka chanjo za watoto katika zahanati za mbali, ndani ya kasha la baridi, yaani sanduku lenye vipande vya barafu, lililofungwa kwenye keria. Afisa wa chanjo alinipa sheria tukiwa wima: "Wewe kaa kushoto. Lori ikikuja nyuma, toka lami, usibishane nayo. Mtu wa miguu, pigia yeye kengele."

Nilitii, hata nilipohamishiwa Kakuma. Asubuhi moja nilimkuta mama mbele yangu amejitwika kuni ndefu kichwani. Nikapiga kengele. Akageuka mwili mzima, na kuni zikageuka naye, zikafagia barabara. Nilikwepa kulia, lori likafunga breki karibu na sikio langu, nikaanguka. Kasha lilipasuka, chanjo zikamwagika mchangani. Akina mama waliokuwa wakingoja zahanati walirudi nyumbani na watoto wao bila kuchanjwa. Naona aibu mpaka leo.

Msimamizi wa zahanati alifoka, "Huyo mama hana masikio?" Mimi nilitaka kujua zaidi. Kesho yake nilimtafuta kwa wauza kuni.

"Masikio niko nayo," akasema. "Kengele inaniambia kuna kitu. Haisemi inapita wapi. Na kuni kichwani, shingo haigeuki, nageuka yote. Kwani wewe huna mdomo? Unapitaje mtu bila salamu?"

Nilicheka, kisha nikajaribu. Napunguza mwendo, naangalia nyuma kama kuna gari, naita kwa salamu ya Kiturkana, "Ejok, mama! Napita kulia!" Nikijibiwa "Ejok-noi," napita. Msimamizi alinitania kwamba nagombea udiwani. Lakini sikupoteza kasha jingine hadi nilipostaafu.

Vijana huniuliza barabara ni ya nani. Mimi huuliza, aliye nyuma ni nani? Huyo ndiye wa kuanza kusema.

Sasa natembea kwa fimbo hapa Lodwar, na shingo imekauka. Juzi kengele ililia mgongoni, nikageuka mzima mzima. Fimbo ilimkosa kidogo tu mwendesha baiskeli mwenye gunia la makaa. Akayumba, bodaboda ikampigia honi.

"Mzee, hausikii kengele?" akafoka mwenye makaa.

"Nimeisikia," nikamwambia, "ndiyo maana nimegeuka. Hebu rudi nyuma kidogo, uanze na salamu."