Hitima ya Mtumbwi

Mwezi uliopita nilirudi Mnyuzi, baada ya miaka mingi ya kuahirisha, nikakaa kwenye benchi la duka karibu na njia kuu, soda mkononi, nikijifanya mgeni. Likapita gari dogo la mizigo, taratibu, limebeba jeneza lililofunikwa kitambaa cha kijani, na wanaume wachache wameketi pembeni yake. Nikamuuliza kijana wa dukani, "Nani amefariki?" Akatoa simu, akapekua kwa kidole gumba, akasema, "Bado hawajaandika kwenye grupu, mama." Basi, tukabaki tumekaa, mimi na soda yangu, yeye na simu yake. Gari lilipokwisha kupita ndipo nilipoona aibu, na aibu hiyo ikanirudisha kwenye mtumbwi wa Babu.

Babu, baba wa mama yangu, alikuwa na mtumbwi mmoja na shamba moja la mpunga, na vitu hivyo viwili havikuwa na maana kimoja bila kingine. Shamba lilikuwa ng'ambo ya Mto Pangani. Kiangazi tulivuka kwa miguu, maji magotini, Babu akitangulia na fimbo kwa hofu ya mamba. Masika yakianza, havuki ila mwenye chombo. Kwa hiyo kila kiangazi mtumbwi uliletwa nyumbani, ukalazwa uani juu ya magogo mawili kungoja mvua.

Mwaka mmoja kabla ya huu ninaokusimulia, jua liliupasua. Ufa ulikuwa mrefu kama mkono wangu wa wakati ule, nasi tuliugundua maji yamekwisha kujaa. Tukasimama ukingoni tukilitazama shamba letu likiota magugu. Mwaka ule tulikula bada, ule ugali wa muhogo, asubuhi, mchana na jioni, mpaka nikawa nauota. Bada ni chakula kitamu, usinielewe vibaya, lakini si kwa mwaka mzima. Bibi hakusahau. Babu alipomaliza kuuziba ufa, Bibi akatangaza kuwa sasa mtumbwi utashonewa nguo.

Alikusanya magunia ya katani, akayafumua, akayafua, akayaanika juu ya ua wa michongoma. Akaupima mtumbwi kwa mikono yake, pima mbili na shibiri tatu. Alishona kwa shazia, ile sindano nene ya magunia, kwa uzi aliousokota mwenyewe pajani, mimi nikikaa upande wa pili kuirudisha sindano kwake. Nilikuwa na miaka tisa, na vidole vyangu vilitobolewa kuliko gunia lenyewe. Mpaka leo nikisikia harufu ya gunia jipya, nasikia na Bibi akiniambia, "Vuta, mjukuu wangu, uzi mlegevu ni mlango wa mvua."

Gunia peke yake halikumridhisha. Msikitini walikuwa wamebadilisha mapazia, na yale ya zamani, ya kijani, yakagawiwa kwa waliotaka. Bibi akayaomba, akayashonea juu ya magunia. Babu aliguna kwamba gunia lingetosha. Akamjibu kwa Kizigua, harakaharaka, akidhani sielewi, kwamba kitu kinachokulisha hukifuniki kwa matambara. Babu akaenda kukata fito. Alizipinda, akazipanga juu ya mtumbwi ili hewa ipite na maji yasituame. Kifuniko kilipotandikwa kikainuka katikati, kikashuka pembeni, pindo limekazwa kwa kamba. Kazi safi kabisa. Hakuna hata mmoja wetu aliyerudi nyuma hatua kumi akaangalia kinafanana na nini.

Tela la kuupeleka mtumbwi mtoni lilikuwa kazi ya Babu. Alilipata likiwa fremu yenye kutu, ekseli moja na gurudumu moja zima. La kushoto alilitoa kwenye gari bovu. Halikuwa na mpira wa ndani, hivyo akalijaza makapi ya mkonge, akayashindilia kwa nyundo mpaka tairi likasimama. Beringi alizisafisha kwa mafuta ya taa, akazipaka grisi, na mimi nikawa mshika kopo la grisi, cheo nilichokionea fahari sana. Siku ya kulijaribu gurudumu lile liliyumba huku na huku. Bibi akapaza sauti kutoka jikoni, "Mzee, gurudumu lako linacheza ngoma!" Babu akajifanya hakusikia.

Mvua za mwaka ule ziliwahi. Ngurumo zilisikika milimani siku tatu mfululizo, na habari zikaja kuwa mto unapanda. Wajomba zangu walikuwa Mazinde wakikata mkonge, na kuwangoja kulikuwa sawa na kuusubiri mwaka mwingine wa bada. Babu akasema tutakwenda sisi wawili. Akavaa kofia yake, akashika mkono wa tela, akavuta kichwa chini. Mimi nikasukuma kwa nyuma. Hatujafika madukani, gurudumu likanipanda kidole cha mguu, nikaangua kilio, na nikaendelea kusukuma hivyohivyo nikilia.

Sasa, wewe uliyekulia huko unajua walichokiona watu. Kitu kirefu kimefunikwa kijani, mzee wa kofia ameinamisha kichwa, mjukuu analia nyuma yake. Mwenye duka akafunga mlango, akavaa kofia, akaja kusukuma. Aliyekuwa juu ya baiskeli akashuka, akaiegemeza ukutani. Wakatoka wengine vibarazani. "Pole, mzee," walisema. "Ahsanteni, Mungu awalipe," Babu akajibu, kwa furaha ambayo sasa najua iliwashangaza. Mwalimu wangu wa madrasa akajiunga, akaanza kwa sauti ya chini, "La ilaha illallah." Babu akaitikia, maana nani alisikie neno hilo anyamaze? Nyuma yangu nilimsikia mtu akinong'ona, "Marehemu alikuwa mrefu."

Mimi sikuelewa kitu. Niliona tu kwamba tela limekuwa jepesi.

Tulipovuka reli gurudumu la kushoto lilichomoka, likabingiria zake majanini. Mtumbwi ukainama. Nikaona shamba letu linaondoka mara ya pili, nikapiga yowe. Haukugusa chini. Mikono isiyohesabika iliudaka, ukapanda mabegani, na wale wanaume wakaenda nao mbio za msiba, mmoja akichoka mwingine anampokea. Mbele kuna njia panda, kushoto makaburini, kulia mtoni. Wakakata kushoto.

"Jamani, huko mnaupeleka wapi?" Babu akapaza sauti. "Mto uko huku!"

Wakasimama. Mwalimu akageuka polepole. "Mzee, kwani marehemu ni nani?"

"Marehemu gani?" Babu akauliza. Akafungua kamba ya pindo, akalikunja pazia, na omo, ile pua ya mtumbwi, ikachungulia.

"Mzee, mimi nimefunga duka," akasema mwenye duka, na sauti yake ilikuwa ya hasira. Babu akaitazama mikono yake. "Nilidhani mmekuja kunisaidia," akasema, taratibu, na nilimwona ana aibu kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Mwalimu akaushika vizuri begani. "Uko begani tayari," akasema. "Twendeni mtoni." Hapo mtu mmoja akacheka, wakacheka wote, nusura wauangushe.

Tulivuka kesho yake. Mpunga ulipovunwa, Bibi alipika wali wa mchele mpya kwa samaki wa nazi, akawaita wote waliobeba, na mwenye duka ndiye aliyeipa karamu ile jina, hitima ya mtumbwi. Alikula sahani mbili.

Babu alitangulia, mtumbwi ukawa kuni, kifuniko sijui kiliishia wapi. Bibi alizikwa mimi nikiwa mbali, nikaambiwa kwa simu. Kwetu mwanamke haendi makaburini, lakini yeye jeneza likipita alikuwa akitua mzigo wa kichwani, akasimama kando mpaka lipotee. Jina alilijua baadaye, akishafika msibani na unga wake. Sijui walikuwa wangapi nyuma yake siku yake ilipofika, na kuuliza naogopa. Yule kijana wa dukani simlaumu, kwa sababu swali nililianza mimi. Nimekula mchele kwa fadhila za watu ambao hawakuliuliza kabla ya kusukuma. Wangeliuliza pale madukani wangejibiwa kuwa ni mtumbwi, wangerudi kwenye vibaraza vyao wakaketi, na sisi tungekula bada mwaka wa pili.