Chuma Kikilia, Acha Jembe

Juzi nilikuwa nakoroga maharage kwenye kibanda changu cha chakula hapa Mikumi, saa tatu asubuhi, kengele ya shule ya jirani ikagongwa. Haikuwa saa ya mapumziko wala ya kwenda nyumbani. Nikaacha mwiko ndani ya sufuria nikatoka nje kutazama mto. Hapa kibandani hakuna mto, kuna barabara kuu na malori yake. Wateja walicheka, dereva mmoja akaniuliza kama nimechelewa darasani. Nilicheka nao. Ningewaambia nini watu wenye njaa? Wewe una nafasi, kaa nikusimulie.

Nililelewa na bibi yangu kijijini Kidete, pale reli na Mto Mkondoa vinapokwenda pamoja kama watu wanaosindikizana. Bibi alikuwa binti wa vibarua wa mkonge. Nyumba yetu ilikuwa karibu na kambi ya gengi, wale wafanyakazi waliokagua na kutengeneza njia ya reli. Pale kambini kilining'inizwa kipande cha reli, na nyundo yake pembeni. Tulikiita chuma tu. Mto ukijaa huko juu, habari zililetwa kwa simu stesheni, na mnyapara wa gengi, jirani yetu, akakigonga bila kupumzika. Kanuni ilikuwa moja, nasi tuliijua kabla ya kujua kuhesabu: chuma kikilia, acha jembe. Usirudie kanga, usirudie kuku.

Kililia mara chache sana. Maji makubwa yalikuwa jambo la kuhesabia umri. Ungesikia fulani kazaliwa mwaka wa maji, na kila mtu akajua ni mwaka gani. Kati ya maji na maji, bonde lilitulisha. Udongo wake ulikuwa mweusi, ukiukanyaga asubuhi unapoza nyayo. Bibi alilima mahindi, magimbi na maboga. Jioni boga lilichemshwa na ganda lake, mvuke ukajaa jikoni, tukalila na chai ya rangi huku treni ya mizigo ikitikisa vikombe. Sijapata tena boga tamu kama lile, na mimi nanunua maboga kila wiki.

Ikaja enzi ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Sabuni na sukari zikarudi madukani, mitumba ikamwagika gulioni, tukavaa tukapendeza. Lakini shamba la mkonge lilifungwa, na gengi likapunguzwa mpaka kambi ikabaki na mbuzi. Waliopoteza kazi wakashuka bondeni kulima, wengine wakapanda mlimani kukata miti ya mkaa. Mvua nazo zikaanza kutuchezea. Masika yalichelewa, na yakija yanakuja yote kwa mkupuo. Bibi alipanda mbegu juu, jua likaziunguza, akapanda tena, zikaungua tena. Kila mwaka akasogea karibu zaidi na mto, akifuata unyevu. Alipoonywa alijibu kwamba juu atakula mawe.

Kengele ya shule yetu ilikuwa rimu ya lori. Ikaibiwa, ikauzwa chuma chakavu. Mwalimu mkuu akaomba kile chuma kilichokaa bila kazi kambini, na hakuna aliyekataa. Jirani yetu, yule mnyapara, mwenyewe alisaidia kukibeba. Bibi alifurahi kuliko wote, maana sasa alijua saa ya kubandika maji ya ugali bila kutazama jua. Ikakubaliwa kuwa kwa ajili ya mto kitagongwa mfululizo. Lakini viranja unawajua. Kila aliyepewa nyundo saa ya kwenda nyumbani aligonga mpaka mkono uchoke, nasi tulishangilia. Watu wa bondeni wakazoea.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali. Husemwa dalili ya mvua ni mawingu, ila kwetu hapakuwa na wingu hata moja. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, huko milimani. Shule iko juu, kwa hiyo tuliyaona maji kwanza sisi, mekundu, yamebeba magogo na paa la nyumba ya mtu. Mwalimu mkuu akakimbilia chuma. Aligonga mpaka shati likaloa, hakupumzika hata kidogo. Sisi tulisimama ukingoni mwa uwanja tukiwatazama watu bondeni, wadogo, wameinama. Wachache waliinua vichwa, wakainama tena. Nilimwita bibi mpaka sauti ikanikauka. Walimu walitushika mikono tusishuke.

Jirani aliokoka kwa kupanda tuta la reli. Alikuja kwetu akakaa chini, hakunitazama. Alisema shamba lake lilipakana na la bibi, na chuma kilipolia bibi aliegemea jembe, akasikiliza, akatabasamu.

"Leo wametoka mapema," bibi alisema. "Mjukuu wangu atakuja kunibebea maboga."

Akaendelea kuchuma, ananisubiri. Jirani akafunika uso kwa mikono. "Na mimi nilimwamini," alisema. "Mimi niliyekigonga chuma kile miaka yote."

Hatukumpata. Tuliyaona maboga, yamekwama kwenye nguzo za daraja, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuyala. Nilimlilia bibi, na mpaka leo namlilia, tena kwa hasira ambayo sijui niielekeze kwa nani.

Siku hizi mwaka wa maji hauhesabii tena umri wa mtu. Kila mtoto wa Kidete kazaliwa mwaka wa maji. Kambi ya gengi imebaki msingi, shule ilishapata kengele nyingine, na jirani alikufa akiwa bado anaamka na kwenda kuutazama mto kila asubuhi.

Juzi ile, kabla sijarudi kwenye maharage yangu, nilimpigia mtoto wa kaka yangu, ambaye ndiye analima shamba la bibi. Redio ilikuwa imetangaza mvua kubwa. Akaniamkia, nikaitikia. Ujumbe wa tahadhari ameupata kwenye simu, akasema, lakini siku hizi unakuja kila mara, na yeye yuko bondeni anamalizia mahindi, maana huko juu yamekauka yote. Nilisikia kitu kinanguruma nyuma ya sauti yake, labda lilikuwa lori la hapa kwangu. Nikamwuliza kama chuma kimelia.

"Chuma gani, shangazi?"