Mimi, mama mkwe na chumba cha giza: siku ya kupima jicho la Akinyi

Wakuu, salamu kwenu wote.

Hili lilinipata miaka ya tisini na sijaongeza chumvi. Mama mkwe yuko hai, nikidanganya atanishughulikia mwenyewe.

Wakati huo nilikuwa nachimba dhahabu Macalder. Binti yetu Akinyi, mtoto mdogo bado wa kubebwa, alipatikana na kansa ya macho yote mawili. La kushoto likatolewa. La kulia likatibiwa na uvimbe ukasinyaa, lakini hakuna aliyejua kama bado linafanya kazi.

Basi akaja daktari mgeni na mashine yake, hospitali moja pale Homa Bay. Akanieleza wazi: retina, ule utando wa nyuma ya jicho, ikijibu mwanga, jicho tunalipigania. Isipojibu, nalo litoke, maana kuliacha ni hatari bure.

Wakuu, niliogopa. Mtoto asiye na jicho hata moja.

Mke wangu alikuwa amejifungua juzi tu, kwa hiyo akaja mama yake, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Sindo.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Kwetu Wajaluo, mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hamli pamoja, na kutazamana usoni ni aibu kubwa. Kutoka stendi yeye alipita upande mmoja wa barabara na mimi ule mwingine. Ungedhani tumegombana.

Sasa daktari anasema chumba kiwe giza totoro, jicho lizoee kwanza, kisha taa ya mashine imulike. Mmoja ampakate mtoto, mwingine amshike kichwa ili nyaya za mashine zilizobandikwa karibu na jicho zisitoke. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya mashuka.

Mama mkwe akagoma mlangoni.

"Daktari, mimi na orwa hatuwezi kaa giza moja. Watu watasema nini?"

"Orwa ndiye nani?" akauliza daktari, mtu wa Pwani.

"Ni mimi, mkwe wake," nikajibu nikikagua viatu vyangu.

Nesi akajaribu kumshika Akinyi badala yake. Mtoto akapiga nduru, nyaya zikachomoka. Ikabidi mama mkwe ajifunike leso uso mzima na kuingia.

"Sawa. Lakini huyu aangalie ukuta. Na hiyo taa ikiwaka, afunge macho."

"Mama, leo tunapima jicho la mtoto tu," daktari akasema.

Tukakaa. Akinyi mapajani kwangu, bibi yake amemshika kichwa, leso inanukia omena. Taa ikimulika, mimi nafumba macho kama nilivyoamriwa. Mtu mzima, mchimba dhahabu.

Kisha daktari akainamia mashine. Nikahisi mkono umenikamata kwa nguvu.

"Mawimbi kwenye mashine ni madogo," akasema, "lakini yapo. Retina inajibu. Jicho libaki."

Taa ya chumba ikawashwa. Leso ilikuwa chini. Mama mkwe alikuwa analia, ananitazama usoni moja kwa moja, nami nalia namtazama. Mkono wangu hakuuachia.

Nilichojifunza: ukiona weupe unang'aa ndani ya mboni ya mtoto, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na aibu ya wakwe ina mpaka wake, mimi niliuona kwa macho.

Haya, wenye mama wakwe, nyinyi mlibanwa wapi? Mwageni hapa chini, na msinicheke peke yangu.