Mgonjwa Kutumwa kwa Mgonjwa

Nilikuwa nimerudi kutoka hospitali ya wagonjwa wa akili, na pale kijijini kwetu Samuye watu walinisalimia kwa sauti ya juu, utadhani nilikwenda kutibiwa masikio. Ndipo muuguzi wa zahanati aliponiita. Kulikuwa na mama mmoja ambaye tangu wahamishiwe kijiji kipya na ajifungue, alikuwa hali wala hasemi. Mumewe alitaka kumfunga kamba ampeleke kwa mganga wa mbali, mtoto abaki kwa bibi yake.

"Nenda ukakae naye," muuguzi aliniambia. "Wewe njia hiyo unaijua."

Njia gani? Sikuelewa kama ananiona nimepona au anatukusanya wagonjwa mahali pamoja. Nilikwenda hivyo hivyo, roho juu juu.

Siku ya kwanza nilimwambia yote niliyoambiwa mimi: jipe moyo, sali, mfikirie mtoto. Akageukia ukutani. Maneno hayo hayo yalikuwa yakinichefua mimi nilipoumwa, sasa nilimwambia ya nini? Sijui.

Kesho yake nilimkuta amekalishwa kwenye kivuli cha nyumba, mama mkwe wake, mtoto mgongoni, anakata viazi vitamu vya michembe, vile vya kuanika. Kwetu huwezi kumkuta mtu na kazi ukakaa mikono mitupu, basi nikachukua kisu. Nilikata, nikaanika, mahubiri ya jana nikayaacha. Nilijiona mjinga kweli kweli. Jua liliposhuka, mgonjwa akauliza kwa sauti iliyokauka, "Mayu, mama yangu, nawe ulisikia sauti?"

"Nilisikia."

"Zikaisha?"

Mumewe alikuwa amefika, kamba begani. Kila mtu pale alitaka niseme ndiyo, mimi wa kwanza.

"Moja haijaisha," nikasema. "Hunijia mvua zikianza. Nalima nayo."

"Kumbe huyu naye bado kichaa!" mama mkwe akamaka.

Mume akanigeukia. "Na mke wangu atapona?"

"Sijui, shemeji."

Niliona haya, nikawa na hakika nimemponza mwenzangu. Lakini yeye alijikongoja akakaa wima, akanyoosha mikono.

"Ninyi wote mnajua," alimwambia mumewe. "Huyu hajui, na analima. Nipe mtoto."

Mume akanitazama mimi. Mimi, mtu wa kuulizwa! Nikasema ampe.